Kioo cha ndani kwenye pikapu kuukuu: usikimbilie gundi

Mzee mmoja aliingiza Peugeot 404 pikapu hapa gereji Tororo, Uganda, akazima injini, akashuka na kofia yake kichwani. "Fundi, hii gari haina jicho la nyuma. Nibandikie kioo niwahi zangu." Mkononi alikuwa na kioo kipya kwenye mfuko wa plastiki, na kichupa cha supaglu alichonunua njiani.

Kioo nilikipokea. Ile gundi nilimrudishia.

Kwanza niseme kwamba naipenda 404, nisije nikaonekana nailalamikia. Saluni ya ukoo huu ilishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1963, ikarudia 1966, 1967 na 1968, enzi ambazo mashindano yalikuwa yakikatiza hadi Uganda. Pikapu yake imebeba matoke, saruji, mbuzi na maharusi, na bado ipo barabarani. Ila ya mzee ilikuwa imepita mikono mingi. Juu ya kioo cha mbele, kwenye lile bati linaloshika paa, palikuwa na matundu manne. Mawili yalikuwa yamepanuka mpaka skrubu inaingia na kutoka bila bisibisi. Kila aliyeimiliki alitoboa kidogo, akaondoka.

Watu wengi hudhani kazi ni kukishika kioo kisianguke. Kuanguka ni nusu ya tatizo. Nusu nyingine ni kutetemeka, na hiyo ndiyo inayomfanya dereva aache kukiangalia kabisa. Hesabu yake ni nyepesi: kioo kikicheza kwa digrii moja, taswira inahama kwa digrii mbili. Gari iliyo mita 30 nyuma yako utaiona inaruka huku na huku karibu mita nzima. Sasa ingia barabara ya vumbi yenye vituta vidogo vidogo kama bati la nyumba, uone kama utatofautisha bodaboda na lori.

Tatizo hili ni la zamani kuliko pikapu ya mzee. Mwaka 1911, kwenye mbio za kwanza za maili 500 za Indianapolis, Marekani, Ray Harroun aliendesha peke yake wakati wenzake wamebeba mafundi wa kuwaangalizia nyuma. Yeye alifunga kioo juu ya usukani. Alishinda. Baadaye alikuja kukiri kwamba uwanja ule wa matofali ulikitikisa kioo kiasi kwamba hakuona kitu. Huwa nawasimulia vijana wangu kisa hiki kila wakitaka kulipua kazi.

Turudi kwenye gundi. Siikatai moja kwa moja. Gari nyingi za siku hizi zina kibati kidogo kilichogandishwa kwenye kioo cha mbele, na hudumu miaka. Lakini hiyo ni gundi maalumu ya vioo vya gari, na kioo cha mbele husafishwa kwanza: unakwangua kwa wembe, unapangusa kwa spiriti, unaacha pakauke, na hugusi tena kwa kidole. Ukishabandika kibati unakiacha mpaka kesho yake ndipo unavalisha kioo. Na kabla ya tone la kwanza la gundi, jaribu kuvalisha kioo kwenye kibati ujue upande wa juu ni upi. Nimeona kibati kilichobandikwa kichwa chini miguu juu, na mwenye gari akanuna wiki nzima.

Supaglu ya kawaida ni habari nyingine. Ikikauka inakuwa ngumu kama pipi, na pipi haipendi mtikisiko. Tena kibati cha chuma hupanuka kwa joto zaidi ya kioo, kama theluthi moja zaidi. Cha aluminiamu hupanuka zaidi ya maradufu. Gari ikishinda juani mchana kutwa kisha usiku ukapoa, gundi isiyonyumbulika ndiyo inayobeba ugomvi wao. Nilipokuwa bado najifunza nilimbandikia dereva mmoja kwa supaglu, nikajisifu. Kioo kilimwangukia mapajani kabla hajafika Bugiri. Alirudi nacho mkononi, hakusema neno, akakiweka juu ya meza yangu.

Kwa pikapu ya umri huu kuna sababu nyingine. Kioo cha mbele kimekaa ndani ya mpira, na bodi ikijipinda kwenye mashimo kioo nacho kinahemahema humo ndani. Bati la juu limetulia zaidi. Ndiyo maana niliamua kioo cha ndani tukifunge kwenye bati, kwa bolti.

Lakini si kwa skrubu ya kujichimbia. Bati lile ni jembamba, kama milimita moja hivi, na skrubu inashikilia kwa meno mawili tu. Mtikisiko ukianza, meno yanakula bati, tundu linapanuka, anakuja fundi mwingine na skrubu nene zaidi. Ndivyo tulivyofika kwenye matundu manne. Dawa yake ni nati ya riveti: nati yenye shingo, unaichomeka tunduni, unaivuta kwa chombo chake, shingo inajikunja nyuma ya bati na kubana pande zote mbili. Hapo unakuwa na meno ya kweli ya kufungia bolti ya milimita 5.

Kabla sijashika drili nilimketisha mzee kwenye kiti chake, na kofia yake. Alitaka kuivua, nikamkatalia, kwa sababu najua haendeshi bila kofia. Usukani wetu uko kulia, kwa hiyo nilisimama upande wa pili nikikishika kioo kwa mkono, nakisogeza kidogo kidogo, mpaka akasema dirisha lote la nyuma analiona kwa kugeuza macho tu, shingo imetulia. Tukatia alama kwa penseli. Kisha nikashusha vizuia jua vyote viwili. Cha kushoto kikagonga shina la kioo! Tukahamisha alama vidole viwili. Hilo la vizuia jua watu hulisahau, na hulikumbuka tundu likiwa limeshatobolewa.

Kutoboa kwenyewe ndiko kunakonitoa jasho mpaka leo. Juu ya bati la ndani kuna uwazi, na juu ya uwazi kuna paa. Drili ikipenya ghafla inakwenda moja kwa moja mpaka juani, na hapo umempa mzee dirisha ambalo hakuliomba. Kwa hiyo kwanza niliingiza waya uliopinda ncha kupitia tundu la zamani, nikapima uwazi, nikapapasa kama kuna nyaya za taa ya ndani. Kisha nikaivisha drili kipande cha mpira wa petroli, nikaacha ncha ya sentimita moja tu nje. Nilianza na tundu la milimita 3, nikapanua mpaka 7, nikasafisha kingo kwa tupa, nikapaka rangi ya kuzuia kutu kwenye chuma kilichobaki uchi. Hiyo rangi ni ya dakika mbili, na bila yake mvua moja inatosha kuanzisha kutu.

Matundu ya zamani niliyaziba, ndiyo, na sina mengi ya kusema juu yake.

Msaidizi wangu alitaka kuweka mpira laini chini ya kikalio cha kioo "upunguze mtikisiko". Nilimwachia ajaribu. Tukawasha injini, nikamwambia asome namba ya lori lililoegeshwa nyuma yetu kupitia kioo. Akakodoa macho. Tukautoa mpira, chuma kikakaa juu ya chuma, akaisoma namba yote. Shina fupi nalo husaidia: kila sentimita unayoongeza inampa mtikisiko fimbo ndefu zaidi. Gololi ya kiungo ilikuwa legelege kidogo, nikaikaza kwa spana ya pembe sita mpaka ikawa inageuka kwa mkono lakini haijigeuzi.

Shina lenyewe, kama una nafasi ya kuchagua, chukua lile linalokatika likigongwa. Mashina ya chuma kizima ya zamani hayakatiki, na mbele yake huwa kuna paji la uso la mtu.

Tulikwenda kukijaribu kioo kwenye barabara ya vumbi, mzee usukanini. Alikuwa kimya, macho yanapanda kiooni na kushuka. Mwishoni akasema, "Kumbe huyu bodaboda alikuwa ananifuata siku zote hizi?"

Wiki iliyofuata alirudi amekunja uso. Alikuwa amevalisha turubai nyuma kwa ajili ya mvua. "Fundi, kioo chako kimeharibika. Naona turubai tu." Nikamwonyesha zile saiti mira zake, moja imepasuka, nyingine imefungwa kwa waya. Hizo tutazishughulikia Jumamosi.