Je, wajua kwa nini bakteria wa majitaka hulipenda jiwe lenye matundu?

Jiwe linaloteleza ndani ya kijito cha Rungwe au Mufindi halitelezeshwi na maji. Limevikwa ute, na ndani ya ute huo wanaishi bakteria wasiohesabika. Utando wa namna hiyo ndio tunaoukuta kwenye meno asubuhi, na ndio unaofanya kazi kubwa katika mifumo mingi ya kusafisha majitaka. Huko bakteria hujengewa makazi kwa makusudi: kokoto, au vipande vya plastiki vyenye kuta nyingi ndani. Sasa, maji hayaachi kupita. Wanashikaje?

Kwanza, wanapofika hawakuti jiwe tupu. Jiwe likizama kwenye majitaka, dakika chache tu zinatosha protini na mabaki mengine ya uchafu kuganda juu yake, tabaka jembamba lisiloonekana kwa macho. Ndipo bakteria wanapokuja, wengine wakisukumwa na maji, wengine wakiogelea kwa vijimkia vyao. Hapo kuna kikwazo. Bakteria wengi wana chaji hasi ya umeme, na jiwe mara nyingi lina chaji hasi vilevile, kwa hiyo wanasukumana. Chumvi zilizomo kwenye majitaka hupunguza msukumano huo, na bakteria akishasogea karibu sana nguvu za mvutano kati ya molekuli humnasa. Lakini bado kashika kwa wasiwasi. Mkondo ukizidi, anaondoka.

Anayebaki huanza kutoa ute wake mwenyewe, mchanganyiko wa sukari zilizoungana minyororo mirefu, protini, hata vipande vya vinasaba. Kalsiamu iliyomo majini hufunga minyororo hiyo pamoja. Kuanzia hapo kumng'oa ni kazi. Hugawanyika, wageni hunasa kwenye ute, utando unanenepa.

Hapa ndipo matundu yanapoleta tofauti. Bakteria mmoja ana urefu wa kama sehemu moja ya elfu ya milimita, kwa hiyo kishimo kidogo tu ni pango la kujificha mkondo. Vipande vya plastiki vilivyobuniwa Norway mwishoni mwa miaka ya 1980 vinafuata kanuni hiyo: utando hustawi zaidi ndani, kwa sababu nje vipande vinasuguana. Sisi wa Mbeya tumepewa na volkano mawe mepesi yaliyojaa matundu, yale ya kusugulia miguu, na kwa maoni yangu yanastahili kufikiriwa kabla ya kuagiza plastiki kutoka mbali. Yaloweke kwanza mpaka hewa itoke, maana makavu huelea.

Ukikwangua utando mnene kwa kijiti utaona nje ni kahawia na chini, karibu na jiwe, ni mweusi wenye harufu ya mayai viza. Oksijeni huishia sehemu ndogo ya milimita kutoka juu. Kati ya bakteria wanaoipata wapo wanaogeuza amonia, ile ya harufu kali ya mkojo, kuwa nitreti, aina ya chumvi yenye nitrojeni. Wa chini yao, walioikosa, huichukua nitreti hiyo na kuirudisha hewani kama gesi ya nitrojeni. Kazi mbili zinazohitaji mazingira tofauti kabisa zinafanyika kwenye jiwe moja, jambo linalonistaajabisha kila ninapolifikiria.

Baridi yetu ya Juni na Julai huwapunguza kasi, hasa hao wa amonia, ambao huzaliana taratibu hata kwenye joto. Kwa hiyo, wewe unayesimamia mfumo wa shule au wa mtambo wa kahawa, usiyatoe mawe yote na kuyasugua yang'ae kwa sababu yanaonekana machafu. Utakuwa umewafukuza wafanyakazi wote kwa siku moja, na wengine watachukua wiki kadhaa kurudi. Mfumo ukiziba, kagua kwanza chemba ya kutuamishia tope, kisha suuza sehemu ndogo ya mawe kwa maji yasiyo na klorini, na sehemu nyingine iachie hadi hiyo ya kwanza iwe imeota ute tena.