Kaunsela akizima, tuangalie ofisi yake kwanza

Kazi yangu hapa Malindi ni kuwasikiliza wale wanaosikiliza wengine, yaani makaunsela wa mashirika ya kusaidia waathiriwa. Watu wanadhani wanachoka kwa zile habari za ubakaji na vipigo. Zinachosha, sikatai, lakini wengi wakianza kulia pale kwangu wanalia kwa sababu ya ofisi.

Kuna dada mmoja, ameniruhusu niseme, alikuja Ijumaa jioni na simu mbili mkononi, yake na ya ofisi, ile ya ofisi hajaizima miezi minane. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amepanda tuktuk kumpeleka msichana hospitali kwa sababu dawa za PEP, zile za kuzuia maambukizi ya HIV, lazima zianze ndani ya masaa 72 na kadiri unavyowahi ndio bora, akangoja fomu ya PRC, ile ya hospitali ya aliyebakwa, ijazwe, wakapita dawati la jinsia polisi, akafika kwake saa kumi alfajiri. Saa mbili asubuhi bosi ashatuma voisi kwa grupu, mbele ya wote, mbona ripoti ya mfadhili haijaingia. Alinisikizisha ile voisi kisha akaniambia, "Wallahi sikuhisi chochote." Hata jina la yule msichana lilikuwa limemtoka. Hapo ndipo niliposhtuka.

Hiyo ndiyo banauti (burnout), kuchoka na kazi mpaka unazima. Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, ya mwaka 2019 haliiti ugonjwa, linasema inatokana na stresi ya kazini isiyoshughulikiwa: nguvu zinakwisha, moyo unaikimbia kazi, unajiona hufai. Ya kazini, jamani! Halafu kiongozi anasema huyu hana wito, thawabu iko kwa Mungu. Thawabu ipo, na Sheria ya Ajira ya 2007 nayo ipo, siku 21 za likizo ya kulipwa kwa mwaka na siku moja ya kupumzika kila wiki, mashirika yetu hayakuachwa nje.

Anayeumia zaidi ni mama aliyetoka Gongoni na matatu, amejikaza wiki nzima ndio aje, anakuta kaunsela anaandika tu hata usoni hamtazami, anarudi kwa mumewe na hamumuoni tena.

Viongozi, simu ya usiku iende kwa zamu, aliyekesha hospitali asiingie ofisini asubuhi yake, na tafuteni mtu wa nje awasikilize staff walau mara moja kwa mwezi, asiwe wewe bosi kwa sababu hakuna atakayekwambia ukweli na wewe ndiye unasaini kontrakti yake. Ukiwa na la kumwambia mtu mwite, funga mlango.

Na wewe mfanyakazi, ukisikia simu inalia na tumbo linakukata, usingoje mpaka uzime.

Yule dada tuliandika barua ya likizo pamoja pale pale mezani. Bosi alikataa, bodi ikaingilia, akapewa. Simu ya ofisi aliirudisha ndani ya bahasha, na chaja yake.