Je, wajua sarafu ya shaba ya Kirumi iliyookotwa mbali na kwao hutambuliwaje?

Mwaka 2016, katika kisiwa cha Okinawa nchini Japani, ilitangazwa kwamba sarafu nne ndogo za shaba zilizofukuliwa kwenye magofu ya ngome ya Katsuren zilikuwa za Kirumi, za karne ya 3 na ya 4. Kutu ilikuwa imezila hivi kwamba kwa macho huoni kitu. Picha za eksirei ndizo zilizofichua sura ya Kaisari Konstantino wa Kwanza na askari mwenye mkuki. Kutoka Roma hadi huko ni karibu kilomita 10,000.

Sarafu ya Konstantino ina nafuu kwa mtambuzi, maana wakati wake dola nzima ilikwisha kuwa na mtindo mmoja wa pesa, wenye maandishi ya Kilatini. Kazi ngumu ni zile za majimboni. Tangu enzi za Kaisari Augusto hadi karne ya 3 inakaribia kwisha, miji mamia kadhaa ya upande wa mashariki ilijipigia chenji yake ya shaba, kila mmoja na alama zake. Roma ilibaki na dhahabu, huku pesa ya sokoni ikiachiwa wenyeji. Na wengi wa wenyeji hao waliandika Kigiriki. Ndiyo maana anayeiokota huona herufi za Kigiriki akadhani ni pesa ya Wagiriki wa kale, akakosea kwa mamia ya miaka.

Anza na upande wa kichwa. Herufi ΑΥΤ Κ ni ufupisho wa cheo cha Kaisari, na jina lake hufuata. Upande wa pili tafuta neno linaloishia na ΩΝ: mara nyingi hilo ndilo jina la watu wa mji. ΝΙΚΑΙΕΩΝ, kwa mfano, inakupeleka Nikaia, mji unaoitwa leo Iznik, nchini Uturuki. Visarafu vyake vyenye bendera tatu za kijeshi, vya karne ya 3, vimebaki kwa wingi sana.

Herufi zikifutika, picha husaidia, na hapa ndipo utamu wa kazi hii ulipo. Mji haukuchagua picha ovyo. Kaisaria ya Kapadokia ilipiga chapa mlima wake, Argaios, ambao bado unauona leo ukiwa Kayseri. Efeso iliweka sanamu ya mungu wake wa kike, Artemi, yule yule ambaye Matendo ya Mitume yanasimulia jinsi Waefeso walivyopiga kelele kumtukuza. Antiokia ilipenda herufi mbili za Kilatini, SC, ndani ya shada la majani, ingawa watu wake walisema Kigiriki. Apameia, katika Frigia, ilipiga sarafu ya Nuhu na mkewe ndani ya sanduku linaloelea, na jina la Nuhu, ΝΩΕ, limeandikwa pale pale kwenye safina. Mimi sijui sarafu nyingine ya kale inayonisisimua kama hiyo.

Aleksandria ya Misri iliandika hata mwaka. Ukiona alama inayofanana na L, herufi zinazofuata ni tarakimu za Kigiriki zinazohesabu mwaka wa utawala. L IH kwenye sarafu ya Hadrian ni mwaka wa 18, yaani 133 hadi 134.

Umbo nalo hutoa ushahidi: uzito, unene, ukingo, hata kishimo kidogo katikati ya pande zote mbili, ambacho hupatikana kwenye sarafu za miji mingi ya mashariki za karne ya 2 na ya 3. Kisha kuna mihuri ya pili, iliyogongwa baada ya sarafu kutumika. Jeshi la Kumi la Kirumi, lililowekwa Yerusalemu baada ya mji kuangamizwa mwaka 70, liligonga LXF (kifupi cha jina lake), nguruwe mwitu au merikebu juu ya sarafu zilizokwisha chakaa. Sarafu ya namna hiyo inakutajia vituo viwili vya safari yake badala ya kimoja.

Lakini sarafu haiwezi kukwambia nani aliileta pale ulipoiokota, wala lini. Hilo linajulikana kwa udongo tu. Pwani yetu ina mfano unaouma. Mwanzoni mwa karne ya 20, kapteni Mwingereza aitwaye Haywood alisema amepata sarafu Bur Gao, pwani ya Wabajuni iliyo leo Somalia. Zilikuwemo za wafalme akina Ptolemaio wa Misri, za Makaisari wa Roma, na pia za Wamamluki na Waosmani, watawala wa Misri waliokuja karne nyingi baadaye. Hakuna tabaka la udongo lililoandikwa, hakuna mchoro wa shimo, kwa hiyo wataalamu wengi wanasita kuzikubali kuwa ushahidi wa biashara ya kale. Nadhani wana haki. Mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1, Periplus, unapotaja bidhaa zilizoletwa Rhapta, bandari ya kale ya Afrika Mashariki, huorodhesha mikuki, mashoka, visu na vitu vya kioo. Sarafu hazimo. Tena shaba ya mji mdogo haikuwa na thamani nje ya eneo lake. Mfanyabiashara angebeba dhahabu au fedha.

Kwa hiyo ukiokota moja, usiisugue. Siki na mswaki huondoa kutu pamoja na herufi zilizobaki. Andika mahali ulipoiona na kina chake, ipige picha pande zote mbili, ipime kipenyo na uzito, kisha iripoti makumbusho au idara ya mambo ya kale iliyo karibu. Chuo Kikuu cha Oxford kina hifadhi ya mtandaoni ya sarafu za majimbo ya Roma, iitwayo Roman Provincial Coinage, isiyo na malipo. Humo unaweza kutafuta kwa jina la mji, la Kaisari, au kwa vipande vichache vya herufi ulivyobahatika kuvisoma.