Lile jengo la Westworld halikuchorwa

Kuna watu hadi leo wanabisha kwamba makao makuu ya Delos, ile kampuni iliyo kwenye msimu wa 3 wa tamthilia ya runinga ya Westworld (2020), ni kazi ya kompyuta tupu. Siyo. Yako Valencia, Uhispania, na unaweza kwenda kuyagusa. Panaitwa Jiji la Sanaa na Sayansi, na tamthilia ya Uingereza ya Doctor Who walishapiga picha hapohapo, kipindi cha mwaka 2017.

Eneo lenyewe ni mkondo wa zamani wa mto Turia, mto uliohamishwa baada ya mafuriko ya 1957. Humo ndimo lilimoota jengo la Hemisfèric, lililofunguliwa 1998: nusu ya jicho, na bwawa lililo mbele yake hukamilisha nusu ya pili kwa kivuli chake majini. Ukisogea karibu utaona weupe ule si rangi bali vipande vya vigae vilivyovunjwa na kubandikwa kimoja kimoja. Mwaka 2013 upepo uling'oa vya jumba la opera la jirani. Mchoro wa kompyuta haubanduki!

Tena, si kila kitu pale ni cha Santiago Calatrava, msanifu mkuu wa majengo hayo. Oceanogràfic, makao ya samaki, ilianzia kwa msanifu mwingine, Félix Candela.