Je, wajua kwa nini Van Gogh alizichora upya picha za Millet?

Mwaka 1889 mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh alikuwa amelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, Ufaransa, na watu wa kuwachora walikuwa adimu. Akachukua chapa, yaani nakala zilizochapishwa, za picha za Jean-François Millet, mchoraji wa wakulima aliyefariki 1875, akachora takriban picha 20 kutokana nazo. Chapa hizo hazikuwa na rangi. Mwinamo wa mgongo wa mkulima na upana wa hatua yake ni wa Millet. Buluu na manjano ilibidi azitoe kichwani mwake.

Hapa Nairobi mtindo huu una mpinzani. Elimo Njau, mmoja wa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa mwaka 1965, anajulikana kwa onyo kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi. Onyo hilo linamfaa sana anayenakili kila kitu, hadi rangi za kwenye skrini ya simu. Ondoa rangi, na utalazimika kuamua mwenyewe.

Ili ujaribu mwenyewe, chukua picha ya Millet iitwayo Mpanzi. Ichapishe saiba kwa nyeusi na nyeupe, uikate iwe na upana wa sentimita 16 na kimo cha 20, kisha ichore miraba ya sentimita 2. Turubai ya kuchorea ya sentimita 40 kwa 50 ichore miraba ya sentimita 5. Zote zitakuwa na miraba 8 kwa 10. Ukichukua ya 50 kwa 50 kwa kuwa ndiyo iliyobaki dukani, mpanzi atanenepa. Nakili mraba kwa mraba kwa mkaa wa kuchorea, kisha uupanguse hadi ubaki kivuli tu, kwani mistari ya penseli huchungulia chini ya manjano.

Sasa finya macho na uigawe picha sehemu tatu: giza, kati na mwanga. Giza linaweza kuwa zambarau ya jakaranda na ardhi ikawa nyekundu kama ya Kiambu, mradi zambarau iwe nzito, yaani yenye giza zaidi, kuliko nyekundu. Wengi huharibu hapa: rangi mbili tofauti lakini zenye uzito mmoja, na mpanzi anamezwa na shamba. Ipige picha kwa simu, uiondoe rangi, uilinganishe na ile karatasi. Rangi ya akriliki ikikauka huongeza giza kidogo, kwa hiyo subiri ikauke kabla ya kupima.