Koo la juzi, goti la leo

Mtoto wa miaka tisa aliletwa kliniki yetu hapa Kampala akiwa mgongoni mwa mama yake. Goti la kushoto limevimba, lina moto, hataki liguswe hata na shuka. Siku mbili kabla kilikuwa kifundo cha mguu wa kulia, kikapoa chenyewe. Mama alidhani ameanguka shuleni. Nilipouliza kama mtoto aliumwa koo, alishangaa: "Koo? Musawo (daktari), hilo lilipona kitambo, nilimsukutulisha maji ya chumvi."

Bakteria aitwaye streptokoka akiingia kooni, mwili hutengeneza kingamwili za kumpiga. Lakini baadhi ya sehemu za bakteria huyo zinafanana mno na protini zetu wenyewe. Wiki mbili tatu baadaye, koo limeshasahaulika, kinga inamsaka adui na kumshika mwenye nyumba. Ikishambulia viungo, maumivu yanahama kutoka goti hadi kifundo. Ikishambulia ubongo, mikono ya mtoto inarukaruka bila yeye kutaka, mwandiko unaharibika, na inaniuma kwamba wengine huadhibiwa darasani kwa hilo. Ikishambulia vali za moyo, kovu linaweza kubaki maisha yote. Hata figo huweza kuumia baada ya streptokoka wa koo au wa vidonda vya ngozi, ingawa kwa njia tofauti, na mkojo ukawa kama chai ya rangi. Kwenye daftari la hospitali ni magonjwa tofauti. Aliyewasha moto ni mmoja.

Mfano mwingine wa kijidudu kinachoigeuza kinga dhidi ya mwili una mizizi hapa hapa. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago hapa Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa mataya kwa watoto. Vipande vya uvimbe huo vilisafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake wakatangaza kirusi kipya ndani yake, kinachoitwa leo Epstein-Barr. Leo zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho. Mwaka 2022 watafiti waliofuatilia wanajeshi zaidi ya milioni 10 wa Marekani walionyesha kwamba kuambukizwa kirusi hicho huongeza takriban mara 32 hatari ya ugonjwa ambao kinga hula ganda la neva. Kinahusishwa pia na lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia sehemu nyingi za mwili, na baridi yabisi ya viungo. Nasema kinahusishwa kwa makusudi, maana kama kila aliye nacho angeugua, wodi zisingetosha. Urithi wa familia una sehemu yake, na lupasi huwapata wanawake zaidi sana kuliko wanaume.

Kirusi hicho bado hatuna chanjo yake. Streptokoka tunamweza kwa penisilini. Utafiti uliofanyika kaskazini mwa Uganda na kuchapishwa mwaka 2021 uliwahusisha watoto na vijana 818 wenye dalili za mwanzo za moyo kuathirika, zile zinazoonekana kwa kipimo cha mawimbi ya sauti tu. Nusu walichomwa sindano ya penisilini kila wiki 4 kwa miaka 2. Kati yao, hali ilizidi kwa 3. Kati ya wasiochomwa, kwa 33.

Kwa hiyo koo la mtoto likiuma pamoja na homa, mpeleke kituo cha afya, na akipewa vidonge avimalize hata akishapona. Na siku utakayompeleka kwa sababu ya goti, mwambie mhudumu koo liliuma lini.