NGO si duka la familia: soma haya kabla hujaleta maombi

Msimu wa korosho ukishafungwa, ofisi zetu za maendeleo ya jamii Mtwara na Lindi hupokea watu wenye bahasha za kaki za maombi ya kusajili NGO (shirika lisilo la kiserikali) na swali moja: "Cheti kinatoka lini?" Moyo wa kujitolea tunaushukuru. Ila malalamiko yanayokuja baada ya cheti, wanachama hawasomewi mapato, mwenyekiti hapatikani kwenye simu, yametulazimu kutoa elimu hii.

Kwanza hakikisha unachokitaka ni NGO. Wakulima wanaotaka kuuza korosho au ufuta kwa pamoja wamwone Afisa Ushirika, maana hiyo ni AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Kikoba kina utaratibu wake chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Taasisi ya dini iende kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Na anayewinda mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ajue kuwa ile ni ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. NGO haikopeshwi, hata ukisajili tatu.

NGO, kwa Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, ni ya hiari, haifungamani na chama cha siasa na haigawani faida. Hili la faida tunalirudia hadi koo linakauka. Mfanyakazi hulipwa mshahara, lakini mwanzilishi hana gawio. Pikipiki iliyonunuliwa kwa fedha za mradi ni ya shirika, hata kama kadi yake imelala kabatini kwa mwenyekiti tangu siku ya kwanza.

Maombi hutumwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa Msajili wa NGOs, yakiambatana na katiba, muhtasari wa kikao cha waanzilishi, wasifu wa viongozi na barua ya utambulisho. Kwenye muhtasari tuelewane. Uwe na majina kamili na saini za waanzilishi wenyewe. Saini ya mtu ambaye siku ya kikao alikuwa Dar es Salaam ni taarifa ya uongo. Tunaziona: saini saba, kalamu moja, mkono mmoja.

Katiba nazo zinanunuliwa steshenari. Mmoja alituletea ya shirika la Mikindani, lakini eneo la kazi limeandikwa Kata ya Ngarenaro, Arusha. Hakuwa ameisoma. Mtu wa namna hiyo hatajua mkutano mkuu unaitishwa na nani, akidi (idadi ya kutosha kufanya kikao) ni wangapi, wala mali itakwenda wapi shirika likivunjwa, na ugomvi wote huanzia hapo. Viongozi nao wasitoke nyumba moja. Mume mwenyekiti, mke mhazini, mtoto katibu: nani atamuuliza nani kuhusu risiti?

Chagua ngazi inayolingana na kazi yako. Anayehudumia Newala peke yake haombi ngazi ya taifa ili wafadhili wavutiwe.

Tangu marekebisho ya mwaka 2019, cheti hudumu miaka 10 kisha huhuishwa. Kila mwaka kuna ada na taarifa ya mwaka, ambayo inatakiwa hata kama shirika halikupata senti. Kwa Kanuni za mwaka 2018, fedha zikizidi shilingi milioni 20, mkataba na mfadhili uwasilishwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10, na mapato na matumizi yatangazwe mara mbili kwa mwaka. Siku hizo zinahesabiwa tangu mkataba kusainiwa, si tangu fedha kuingia benki.

Kuendesha NGO bila usajili, kughushi nyaraka au kuchangisha fedha kinyume cha sheria ni kosa. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Aliyetiwa hatiani anaweza kuzuiwa kushika uongozi wa NGO yoyote kwa muda usiozidi miaka mitano.

Tena, cheti cha NGO si msamaha wa kodi. Hadhi ya shirika la hisani huombwa kivyake Mamlaka ya Mapato (TRA), na kodi ya mishahara ya wafanyakazi inakatwa kama kawaida.

Mwenye nia aanze kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri yake, na rasimu ya katiba mkononi, kabla ya kulipa chochote. Kimemo cha diwani cha kuomba uharakishiwe si kiambatisho.